Mama Mdogo Alipopaa na Ungo

Enzi zetu kule Mgeta, wachawi tuliwaona Jumapili mchana, baada ya misa. Kulikuwa na kibanda cha video chenye jenereta na magunia madirishani, tukijazana sakafuni, macho yametutoka, mchawi akipaa na ungo. Watoto wa leo wanayatazama hayohayo kwenye simu huku wakimung'unya ubuyu, eti "hiyo kompyuta tu." Sisi tulisahau hata kupumua.

Siku moja aliyepaa alikuwa mama mdogo Skola. Watu wa filamu walikuja kutoka Dar kutafuta milima, wakaipenda sauti yake, wakampaka unga usoni. Alishatuambia ni maigizo. Lakini nilipomwona kwenye kioo, akicheka juu ya mawingu ya Uluguru, mwili ulinisisimka. Nilimwogopa, na nilijivuna kwamba ni wetu.

Kijiji hakikujivuna. Karoti zake akaanza kurudi nazo nyumbani kutoka gulioni, hakuna anayenunua. Mama alimtetea: "Jamani, kaigiza tu." Wakamjibu, "Mbona kaigiza vizuri hivyo? Kajifunzia wapi?" Paroko alihubiri, wapi. Mama mdogo akaanza kusema atahamia Kingolwira, nami nililia, maana ndiye aliyeichangamsha nyumba yetu.

Kisha babu akafariki. Msibani mama mdogo alipika sufuria la maharage, asitokee wa kuligusa. Ndipo akaja Bi Matilda, mtani wa ukoo wetu, na mtani msibani hakatazwi kitu. Alikuwa amejipaka unga uso mzima. Akakalia ungo katikati ya waombolezaji, akaomba apishwe anaruka. Ulipogoma, akafunua sufuria, akala mbele ya wote, akamgeukia mama mdogo: "Mchawi gani wewe, hata chumvi imekushinda?"

Watu walicheka mpaka wafiwa wakashika mbavu. Sahani zikaanza kuletwa. Hakuhama tena, na mpaka leo nastaajabu jinsi mwanamke mmoja alivyoweza.

Vijana wetu hawaogopi ungo. Ila mtu akichafuliwa jina kwenye makundi ya simu, analia peke yake chumbani, watani wanamtumia vikatuni.

Bi Matilda tulimzika mwaka jana. Watani wake ni sisi. Tulisimama pale na miwani yetu myeusi, kimya, na mama mdogo, ambaye miguu haimbebi tena, akatutazama mmoja mmoja akingoja nani ataanza.