Msufi Mtupu wa Uani

Nilipokuwa mtoto, picha za mwisho za kila filamu zilikuwa zangu. Baba alinunua kamera ya kupigia sampuli za mashati ya soko la Guangyuan Xilu, huko Uchina tulikoishi, awapelekee wateja wake Tanga. Zikibaki mbili tatu, ananipa: "Haya, kamalizie ndege wako." Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuharibu, na nikiharibu, ukuta ulikuwa unakula teke langu.

Tulipanga nyumba ya chini, mtaa wa Xiaobei, na uani palikuwa na msufi mkubwa, wa aina ya huko. Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, Bibi, mama yake baba, akaja kututembelea, na baridi ikaja naye. Si ya theluji. Ni ukungu, na unyevu wa kuingia mifupani. Msufi ulikuwa umepukutika majani yote. Ndege, shore wenye mashavu mekundu, walitua kwenye matawi makavu, na Bibi, kanga juu ya koti la baba, aliwatupia ukoko wa wali. Lakini hakuusogelea mti kabla ya kupiga hodi.

"Msufi una wenyewe," aliniambia, "hata wa Uchina. Ukiwa na majani wamejificha. Ukiwa mtupu wanatazama. Ukinipiga picha hapo wataishika sura yangu, nisirudi kwetu."

"Bibi, huo ni mti tu!" nilifoka.

"Mti tu? Basi nenda usiku peke yako, mume wangu, tuone kama utarudi na suruali kavu." Akacheka mwenyewe. "Ngoja mti uvae maua. Nitapaka wanja, nikae chini yake, unipige mpaka uchoke."

Nikakubali.

Asubuhi moja nilikuwa dirishani jikoni na kamera. Bibi amesimama chini ya msufi, kiganja wazi, shore mmoja yuko karibu kabisa na vidole vyake. Filamu ilibakiwa na picha moja.

"Piga!" Baba alininong'oneza. "Hatajua."

"Nitajua mimi."

"Na biashara utaiweza kweli wewe?"

Nilijiona mwanamume. Bibi alipoingia ndani, nikaupiga picha mti peke yake.

Kikohozi kikamshika Bibi. Baba akamrudisha Tanga kabla baridi haijaisha. Muda si mrefu msufi ukavaa maua mekundu makubwa, shore wakigombana juu yake, na safari hii Baba alininunulia filamu nzima. Picha hazijasafishwa bado, simu ikaja kuwa Bibi amefariki. Alizikwa kwao, kama alivyotaka, kwa hiyo siwezi kusema mti ule alikuwa anauogopa bure.

Watu nikiwasimulia hunisifu kwa uaminifu wangu. Huwa nawakatiza. Picha ya msufi mtupu ninayo; ya Bibi sina. Chini pembeni, kwenye saruji, kuna punje za wali. Neno lake nililitunza. Sura yake ndiyo inayonitoka kichwani, kila mwaka kidogo.