Sahani yenye ukingo wa bluu

Leo nimeanguka kifafa, mimi mutu muzima mwenye wajukuu.

Tulikuwa kwenye mizani ya pamba, hapa Wamaza. Niliinua kikapu changu. Halafu sikumbuki kitu.

Kuamka, nimelala katika vumbi, ulimi unatoka damu. Watu wote wamesimama mbali. Hata Saidi, mudogo wangu wa tumbo moja! Muzungu wa mizani alikuwa amekwisha kuita mutu mwingine apime pamba yake.

"Musimuguse!" mama mumoja alipiga kelele. "Povu yake inaambukiza!"

Munganga wa dispansere ndiye aliyeniinua. Akapapasa kovu yangu ya kichwa.

"Hii ni ya nini, baba?"

Nikamwambia: muti uliniangukia tulipokuwa tunafungua barabara ya serikali, miaka mitatu iliyopita.

"Basi ugonjwa umetoka hapo. Pengine utarudi. Lakini hauambukizi mutu."

Nikakimbilia nyumbani kuwaeleza watu wangu. Walisikiliza, wakaitika vizuri.

Kwetu tunakula wote katika sinia moja, munajua. Jioni hii wameizunguka kama kawaida. Chakula changu kimewekwa mulangoni, peke yake, katika sahani yenye ukingo wa bluu. Muke wangu hakuniangalia.

Sahani ile ilikuwa ya marehemu shangazi, aliyeanguka kifafa tangu utoto.

Ni mimi niliyemutengea.

Ndugu zangu, semeni kweli: mungetia mukono katika sinia moja na mimi?

Mimi, jana, ningekataa.