Picha ya hema ilivyomleta mama mkwe

Jamani, likizo imeisha ila uchovu ndio kwanza unaanza.

Tumerudi Brussels leo asubuhi kutoka visiwa vya mbali kule Uskoti. Fukwe nyeupe kama Zanzibar, maji ya kugandisha mifupa. Nimepiga makasia ya kayak mpaka mabega yamekataa. Mtandao hakuna. Nilibahatika kuweka status moja tu: mimi na mume wangu mbele ya hema, tumelowa chapachapa.

Hema lilikuwa bado bichi, nikalisimamisha sebuleni likauke. Nikajitupa kwenye kochi.

Kengele.

Mama mkwe! Nyuma yake kina maman wa kanisani, na mablanketi, na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao. Kumbe waliiona ile status, wakaja kumbembeleza mwenye nyumba wetu, anayeishi ghorofa ya chini, aturudishe. Naye kawaelekeza juu.

"Batoto yangu, wamewafukuza ku nyumba, hamukutuambia?"

Nikaeleza. Hapana, maman, tulikuwa tunatalii. Tumelipia.

"Mulilipa juu ya kulala ku hema?"

Mume wangu, mtoto wa Kivu mwenyewe, akajifanya anatafuta chaja. (Asante sana, baba.)

Mama mkwe akavua viatu, akaingia hemani, akakaa. Akagusa kile kidirisha cha plastiki.

"Ya kwetu kule kambi ya bakimbizi haikukuwa na dirisha."

Semeni nyie, nifanyeje? Nataka kulikunja hili hema nikalale, lakini yumo ndani. Amesinzia.