Kupita Mbele ya Baraza ya Shemeji

Skuli nilikwenda hadi darasa la tatu, nikaondoka kuchukua magunia ya karafuu kwa kichwa. Kichwa hicho ndicho kilichoninunulia gari ya abiria ya njia ya Konde na Wete. Kwa hivyo daktari aliponambia figo zangu zimechakaa, presha iko juu, mishipa ya damu inakakamaa, na kila asubuhi niende kwa miguu, nilimcheka.

"Daktari, mie nimetembea kabla hujazaliwa."

Hakucheka. Alinambia mashine ya kusafishia damu Pemba haipo, na wengi wenye figo kama zangu hata hiyo mashine hawaifikii, moyo huwahi kuwasimama. "Tembea nusu saa, jasho likutoke, lakini uweze kumjibu anayekusemesha. Ukishindwa kujibu, umezidisha."

Mie kukosa jibu! Niliona mzaha.

Tabu ilikuwa njia. Miaka ile ya vyama vya siasa kijiji chetu kilikatika vipande viwili. Wao hawakupanda gari yangu, sisi hatukununua dukani kwao. Mume wa dada yangu alikuwa upande wa pili, mwaka wa tatu huo hatupeani hata salamu. Na njia pekee isiyo na kilima ilipita mbele ya baraza yake, iliyojaa watu wa chama chake wakinywa kahawa.

Sikutaka waseme mzee kaisha. Nikikaribia, nilikaza mwendo, kifua mbele. Wao macho tu. Nikishapita kona nashika mnazi, moyo unanipiga mpaka masikioni. Heri nife kuliko kupita pole mbele ya wale.

Siku moja macho yakaingia kiza hapo hapo mbele yao. Nikashika ukuta wa baraza.

"Shemeji," akasema mwenye baraza, "kwa mbio hizo utafika kaburini kabla ya uchaguzi, na kura yenu moja ipungue."

Wakacheka. Jibu nilikuwa nalo, tena kali. Nikafungua mdomo, pumzi hakuna. Neno halikutoka hata moja. Hapo ndipo nilipomfahamu daktari, na nikaogopa kweli.

Kicheko kikakatika. "Sogeeni, akae," shemeji akasema. Nikakaa nao mpaka pumzi ikarudi, nikaondoka bila ya kushukuru. Daktari nilipomweleza, alinigombeza kama mtoto.

Nilipoanza tena matembezi ya asubuhi, nilipita pole mbele ya baraza.

"Ehe! Tajiri kachoka leo?"

"Kaburi nakuachia wewe, shemeji, ulolitaja mwanzo. Mie nakwenda kupiga kura!"

Sauti haikukatika.

Figo hazikurudi ujana wake, ila presha ilishuka, na mashine ya damu sijaihitaji mpaka leo. Salamu zilichelewa sana. Lakini kila asubuhi alinirushia neno, nami nikalirudisha huku napita. Na siku jibu langu lilipokatikia njiani kwa kukosa pumzi, yeye ndiye aliyepiga ukelele kutoka barazani:

"Punguza, we mzee! Punguza!"