Gari la Kaka Mfaume Lililoyumba Nyuma

Iko asubuhi moja ya pale Chiungutwa ambayo naikumbuka mpaka harufu yake. Nilikuwa nimesimama uani, ndoo ya mchele kichwani, kuku wawili wamefungwa miguu mkononi, namsubiri kaka yangu Mfaume alete gari. Siku hiyo mwanangu wa kwanza, Hamisi, alikuwa anatoka jandoni kwao baba yake, Makote, kule juu Newala. Mwanangu unayesoma haya, kama hujazaa bado huwezi kujua. Mama anakaa muda wote huo bila kumwona mtoto wake, kisha siku ya kumtoa ikifika hali wala halali. Nilikuwa na khanga mpya ya kumfunika na kofia niliyoifuma mwenyewe. Jambo lingine lolote halikuwa na nafasi kichwani mwangu.

Lakini lile gari lilikuwa limetutia mashaka kitambo.

Kaka Mfaume alilinunua Masasi mjini kwa mtu aliyekuwa anahama. Lilikuwa gari la juu, la zamani, rangi ya maziwa yaliyolala, lenye mlango wa nyuma na viti viwili virefu vinavyotazamana. Kijijini lilikuwa la kwanza la aina yake. Likitembea polepole kati ya mikorosho lilikuwa tulivu. Likishika mwendo barabarani, hapo ndipo mambo yalipoanza. Mbele linakwenda zake sawa, nyuma linakwenda kivyake. Linavuta kushoto, linarudi kulia, mpaka aliyekaa nyuma anashika chuma cha dirisha na kutazamana na mwenzake.

Mara ya kwanza tuliona hivyo tulipobeba madumu ya maji. Tukasema ni maji yanacheza ndani ya madumu. Jibu lilituridhisha. Safari iliyofuata tulibeba korosho, na korosho hazichezi, gari likayumba vilevile. Tukasema magunia yamepangwa vibaya. Kisha likayumba tupu. Jirani mmoja akasema ni matairi, kaka akabadilisha matairi. Dereva wa lori akasema ni usukani, ukakazwa usukani. Mwingine akasema barabara yenyewe ndiyo mbovu, na kweli siku hizo ilikuwa ya vumbi na mawimbi, kwa hiyo huyo naye tukamwamini. Wapo waliosema kwa sauti ya chini kwamba gari limechezewa na watu wenye kijicho. Mimi niliwaamini wote, kila mmoja kwa zamu yake. Nilikuwa nalala na jibu moja na kuamka na jingine, na mwisho sikujua kama gari ndilo linazidi kuyumba au ni mimi ninayezidi kuogopa.

Fundi wetu alikuwa Lazaro, mtu wa Lupaso aliyefungua gereji Masasi. Huyo alibadilisha shokapu za nyuma zote mbili, zile za kuzuia gari lisirukeruke, maana zilikuwa zinavuja mafuta. Akaliendesha mwenyewe, akarudi, akazima injini, akashuka.

"Limetulia kidogo, Baba Zuhura," alimwambia kaka, "lakini bado. Kuna kitu kingine na sijakijua. Niachie gari."

"Utaliweka mpaka lini?"

"Sijui. Mpaka nikijue."

Kaka hakulipenda jibu hilo. Nami, nikiwa pembeni, sikulipenda. Tulikuwa na ngoma ya jando Makote, na fundi anayesema hajui tulimwona fundi dhaifu. Tukaondoka na gari.

Basi asubuhi ile kaka akaja. Mbele aliketi bibi yetu mzaa mama, Bi Mwanaidi, mwanamke mfupi, mkimya, aliyekuwa na tabia ya kufumba macho safarini kana kwamba anasali. Nyuma tulipanda mimi na majirani zangu wanawake, na mizigo yetu miguuni. Tukaimba kutoka Chiungutwa. Kwenye mlima wa kupandia Newala gari lilikwenda kwa gia ndogo, polepole, halikuyumba hata mara moja. Nikajiambia limepona. Mwanangu, nilifurahi kweli, nikapiga vigelegele.

Tukafika juu, barabara ikanyooka, kaka akakanyaga mafuta. Likatokea lori mbele yetu na vumbi lake. Kaka akalipisha kidogo tu, mkono mmoja kwenye usukani. Nyuma ya gari ikaondoka. Nasema ikaondoka kwa sababu sina neno jingine. Ilikuwa kama kiti nilichokalia kimeamua kwenda mahali pengine. Kaka akakata usukani kuirudisha, ikaja upande wa pili kwa nguvu kuliko mwanzo. Tuliangukiana, kuku wakapiga kelele, mchele ukamwagika. Gari likasimama limekaa mshazari barabarani, pua yake karibu na shina la mkorosho.

Kaka alishuka, akainama, akachungulia chini. Akazunguka. Akapiga matairi teke. Akarudi akijipangusa mikono.

"Hakuna kilichovunjika," alisema. "Ni upepo wa lile lori. Pandeni, twende polepole."

Wenzangu walianza kupanda. Mimi nilikuwa naokota mchele. Bibi alikuwa ameshuka, amesimama kando ya barabara, anajifunga khanga yake vizuri kiunoni.

"Bibi, panda tusichelewe," nilimwambia.

"Mimi natembea."

"Makote bado mbali, Bibi!"

"Nitafika."

Kaka akacheka, cheko la mtu aliyeona aibu. "Bibi, nimekwambia ni upepo."

"Mfaume," alisema, taratibu kabisa, "siku ile ilikuwa maji. Kisha magunia. Kisha matairi. Leo upepo. Wewe hujui gari hili lina nini."

"Na wewe unajua?"

"Sijui. Ndiyo maana nimeshuka."

Bibi akatugeukia sisi wanawake. "Na nyie mnaopanda, mnapanda kwa sababu mmeona ni salama, au kwa sababu mnaona haya kushuka? Mama Hamisi, nijibu wewe."

Nilikuwa nimechanganyikiwa, mwanangu, siwezi kukueleza. Nilimkasirikia bibi kwa kunichelewesha. Nilimhurumia kaka, maana alikuwa anafedheheshwa mbele za watu kwa gari alilolinunua kwa jasho lake. Niliogopa gari, na niliogopa kufika Makote ngoma imekwisha na mtoto wangu anaangaza macho kwenye umati haoni mama yake. Katika yote hayo sikuchagua. Sema miguu yangu tu ilibaki chini. Wenzangu walipoona nimebaki, nao wakashuka.

Kaka akasema sawa, yeye atatangulia na mizigo polepole, atatungoja mbele. Bibi alimwomba aliache gari pale pale. Kaka akasema hawezi kuliacha porini. Akaondoka. Tuliliangalia likienda, nyuma yake ikicheza kidogo, kushoto, kulia, mpaka likapotea kwenye kona.

Tulitembea bila kuimba. Jua lilikuwa limepanda. Mbele barabara inashuka kidogo, halafu kuna kona nyingine, na hapo ndipo tulipoona watu wa mashambani wanakimbia.

Gari lilikuwa limelala ubavu ndani ya shimo la maji ya mvua, gurudumu moja la nyuma likiwa hewani. Kaka alikuwa amekaa chini kwenye majani, mkono wake umepinda mahali ambapo mkono haupindi, anasema neno moja tu: "Sikukimbia. Sikukimbia." Ni kweli, hakukimbiza gari. Mtu aliyekuwa anapalilia karibu aliona yote. Alisema gari lilikuwa linashuka taratibu, nyuma ikaanza kuyumba, kila kaka alipoirudisha ikazidi, mwisho likajizungusha na kupinduka.

Nilikwenda kuchungulia ndani, sijui nilikuwa natafuta nini. Paa la nyuma lilikuwa limebonyea mpaka limegusa kiti kirefu, pale nilipokuwa nimekaa mimi. Niliweka mkono pale kwenye bati. Sikulia. Nilikuwa najiuliza tu, kama mjinga, mbona mimi niko huku nje?

Likaja gari dogo la mizigo, wakampandisha kaka kumpeleka hospitali Newala. Hapo nikakwama tena. Ndugu yangu huku, mwanangu kule. Bibi alinishika bega. "Huyu ni wangu, naenda naye mimi. Wewe nenda kwa mwanao." Kijana mmoja akanibeba kwenye baiskeli yake.

Ngoma ilikuwa inakaribia kumalizika. Watoto walikuwa wamekaa kwenye mkeka, vichwa vimenyolewa, wamepakwa mafuta, wametulia kama watu wazima. Mama za wenzake Hamisi walikuwa wamekwisha kuwatuza watoto wao zawadi. Hamisi aliponiona alisahau mafundisho yote ya likumbi, kama tunavyoliita jando huku kwetu, akasimama. Nilikuwa sina khanga mpya, sina kofia, sina kuku. Nilivua khanga niliyokuwa nimejitanda, imejaa vumbi jekundu, nikamfunika nayo, nikalia mpaka nikakaa chini. Watu wakapiga vigelegele, wakidhani ni furaha. Hata mimi sikujua ilikuwa nini.

Baadaye Lazaro alikwenda kuliona gari. Alituonyesha chuma kirefu kinacholala upande hadi upande, kazi yake ni kuishika ekseli ya nyuma, ule mhimili wa magurudumu, isitambae kushoto wala kulia. Bushi za mpira kwenye maungio yake zilikuwa zimekwisha kabisa, na pale kinapofungwa kwenye fremu chuma kilikuwa kimeliwa na kutu chini ya matope yaliyoganda, mpaka kikachomoka. Springi moja nayo ilikuwa imechoka kuliko mwenzake. Ukichungulia kwa juu juu huoni kitu. Lazaro aliinamisha kichwa, akasema labda naye angelipandisha gari juu siku ile ya kwanza angeliona tatizo, na labda asingeliona. Kaka alipona, mkono wake mpaka leo haunyooki vizuri.

Nilimuuliza bibi alijuaje. Alinishangaa. "Sikujua kitu, mjukuu wangu. Niliogopa, nikashuka." Miaka yote nimelifikiria jibu hilo, na bado sijalimaliza.

Basi, mwanangu, sikiliza. Siku hizi mnanunua magari haya ya juu ya zamani, mnayapaka rangi, mnayawekea muziki, mnapanda nayo Newala. Sikukatazi. Lakini gari likiyumba nyuma, usiridhike na jibu la kwanza lililokufurahisha. Usipakie watu. Lipandishwe juu, lioshwe matope, litikiswe, zitazamwe bushi, vyuma, springi na shokapu za pande zote mbili, na likitengenezwa liendeshwe tena bila abiria kabla hujasema limepona. Likikuyumbia ukiwa njiani, achia mafuta taratibu, shika usukani imara, usiukate kwa hofu, punguza mwendo mpaka lisimame. Likisimama, liache lilale hapo.

Fundi akikwambia hajajua, usimkimbie. Huyo bado anatafuta, na wewe unamhitaji mtu anayetafuta. Na ukiwa abiria, hata kama dereva ni kaka yako unayempenda, una haki ya kusema simamisha, nashuka. Si lazima uwe na maelezo. Mambo mengi ya maisha yatakuchanganya hivyo, ndoa, kazi, marafiki. Utahisi kuna kitu kinavuta pembeni na kila mtu atakupa sababu yake. Usione haya kusema sielewi, nangoja kwanza. Kuchelewa kunaumiza, nami nimekuonjesha kidogo uchungu wake. Lakini aliyechelewa bado anamwona mwanawe.

Mungu akupe macho ya kuona na miguu ya kushuka kwa wakati. Akutangulie kwenye kila kona, akurudishe kwa wakusubirio ukiwa mzima, na wanao waje wakufunike na wewe khanga uzeeni. Amina, mwanangu.