Hodi ya Nne

Moza Haidar hakupata kupiga hodi ya nne katika mlango wa mtu yeyote. Mara tatu, kwa sauti ya kusikika. Asipoitikiwa, alirudi alikotoka bila kuchungulia dirishani. Hivyo ndivyo marehemu baba yake alivyomfunza, na alipokuwa mwalimu wa baiolojia mjini Wete aliishika kanuni hiyo kama alivyoishika saa ya kuingia darasani.

Hata figo alizisomesha kwa hodi.

"Wiki ya tano," aliwaambia wanafunzi wa kidato cha sita, "mtoto tumboni bado hana figo. Kuna kichipukizi kidogo kinachotoka kwenye mrija, na mbele yake kuna fungu la seli. Kichipukizi ni mgeni. Fungu la seli ni mwenye nyumba. Mwenye nyumba hutoa protini ya ukuaji, na hiyo ndiyo karibu yake. Mgeni akiipata huingia, akatoa matawi. Naye haji mikono mitupu: hutoa protini zake, ndizo zinazomfanya mwenye nyumba aishi na ageuke vichujio vya damu. Mmoja akinyamaza, hakuna figo."

Msichana wa mstari wa mbele, Ummkulthum, alinyoosha mkono. "Mwalimu, na mgeni akibisha mara ya nne?"

Darasa lilicheka. Moza hakucheka. "Seli hazinuni, Ummkulthum. Zikinyamaza, ni kwamba haziwezi kusema. Andika."

Mwezi ule ule, Ruweida, mke wa Masoud, kaka mdogo wa Moza, alijifungua mtoto wa kike aliyeishi saa tatu. Daktari alimweleza Moza ukumbini hospitali. Mtoto hakuwa na figo hata moja. Maji ya uzazi kwa sehemu kubwa ni mkojo wa mtoto mwenyewe, na mapafu hukulia ndani ya maji hayo. Maji yalipokosekana, mapafu nayo hayakukua. Kwa nini figo hazikuota, mara nyingi hakuna ajuaye. Mama hakufanya kosa.

Kule kijijini kwao Kiuyu, Bi Mwanapili, mama yao Moza na Masoud, alikuwa na maelezo yake.

"Nilimkataza. Nilimwambia tumbo la miezi saba halibebi pakacha la karafuu. Kanicheka. Ati, mama, na wewe ulipumzika lini?"

"Mama, si karafuu."

"Wewe umezaa wangapi, mwalimu?"

Moza hakuwa na mtoto. Aliinuka akaenda kwa wifi yake.

Ruweida alikuwa chumba cha ndani, kwa mkwewe, akimaliza arubaini yake. Masoud alibaki peke yake nyumbani kwake, hatua chache kutoka hapo, na hakuja kumtazama.

"Wifi," Ruweida alinong'ona, "Masoud anawaambia watu nimemuua mwanawe kwa pakacha, na ataniandikia talaka nirudi kwetu Kisiwa Panza. Mwambie wewe. Mie nikisema naonekana najitetea, wewe umesoma."

"Nitamwambia."

"Mpigie basi sasa hivi."

"Maneno haya si ya simu. Ijumaa, baada ya skuli."

Ijumaa baada ya alasiri alifika mlangoni kwa Masoud na kitabu kwapani, ukurasa wa figo ameutia uzi. Makubadhi ya nduguye yalikuwa kizingitini. Ndani redio ilikuwa ikisoma habari.

"Hodi."

Sauti ya redio ilishuka.

"Hodi, Masoud. Mie dadako."

Mtu alikohoa. Moza alikijua kikohozi kile tangu Masoud akibebwa mgongoni mwake.

"Hodi."

Redio ilizimwa kabisa.

Mlango haukufungwa kwa komeo. Ulitosha kusukumwa kwa kidole. Moza alisimama. Mwenye nyumba ana haki ya kunyamaza, na mgeni aliyenyamaziwa huondoka. Aliondoka. Na ukweli usemwe: si kanuni peke yake iliyomrudisha. Mdomoni alikuwa na adabu, lakini moyoni alikuwa amenuna. Dada mkubwa, mwenye stashahada yake, aombe mlango kwa mtoto aliyemlea? Alijiambia atakuja tena Jumapili, Masoud akishapoa.

Jumamosi asubuhi Masoud aliandika talaka mbele ya mashahidi wawili. Hakungoja hata arubaini iishe. Kaka yake Ruweida, Msellem, alikuja kumchukua, na katika mzigo wao mlikuwa na nguo za mtoto zilizofuliwa na kukunjwa, ambazo hazikuvaliwa.

Moza hakurudi Kiuyu mpaka eda ilipokwisha. Masoud alimkuta barazani kwa mama yao.

"Siku ile ulikuja kusema nini?"

Akamweleza. Wiki ya tano, figo zilipotakiwa kuota, Ruweida mwenyewe alikuwa hajajua kama ana mimba. Miezi saba, pakacha la karafuu halikuwa na figo ya kuiharibu, figo hazikuwako.

"Nilikusikia," Masoud alisema. "Nilikuwa nangoja uingie tu."

"Nilipiga hodi tatu."

"Najua. Nilizihesabu."

Masoud akatuma watu Panza wakaombe ndoa upya. Ruweida aliwajibu kwa upole, akawapa chai, kisha akasema, "Mwambieni mimi ndiye niliyemuua mwanawe. Hakusema yeye hivyo? Basi asimrudie muuaji." Huko Panza maneno ya pakacha yalikuwa yamemtangulia, na bado wapo wanaoyasema akipita. Simu ya Moza haipokei.

Moza angali anasomesha somo lile kila mwaka, ila mfano wa mgeni na mwenye nyumba ameuacha. Hachelewi kipindi, na kanuni yake hakuivunja. Ruweida alipoteza nyumba yake na jina lake kwa kosa ambalo hakulitenda, na mtu aliyeweza kuyazuia hayo alikuwa mlangoni.