Vanishi Kwenye Ngoma ya Mama

Enzi zetu, jumba la mawe la chifu lililo kilimani karibu na Rubondo halikuwa na kamba ya kuzuia watu wala mlinzi. Chifu alishakufa, wanawe wamehamia Mbarara, na kumbi zake tukaachiwa sisi, watoto wa wakimbizi na wa wafugaji, tusomee. Tulikaa sakafuni, mihogo ya kuchemsha mifukoni, popo juu ya vichwa vyetu. Ukichelewa, adhabu yako ni kufagia mavi ya popo. Watoto wa leo simu ikizima tu, wanalia kwamba wanateseka!

Jumamosi masomo yalifungwa kwa ngoma. Baba aliichonga mwenyewe, mfugaji mmoja kutoka Masha akatoa ngozi, na mpigaji alikuwa mama. Kwanza aliwasha majani makavu ya mgomba uani, akaielekeza ngozi kwenye moto mpaka ikaze. Sisi tulikuwa tukimsumbua aanze.

"Haraka ya nini, batoto? Muache ngozi ipate moto kwanza!"

Akishaipiga, hata wafugaji waliacha ng'ombe bondeni, wakapanda kucheza nasi, mikono juu kama pembe. Shule ilipojengewa madarasa yake, mama aliombwa aiache ngoma pale jumbani itunzwe. Akaiacha.

Sasa jumba limekarabatiwa, linaitwa kituo cha elimu na utamaduni. Juzi kulikuwa na tamasha. Nilitoka Kakiika ninakoishi, nikampitia mama Rubondo. Njia nzima alikuwa na neno moja tu: aipige tena ngoma yake kabla mikono haijaisha nguvu. Baba hayupo tena, na ile ngoma ndiyo kazi pekee ya mikono yake iliyobaki.

Tuliikuta nyuma ya kamba, ngozi inang'aa kama meza ya ofisi. Kijana mwenye fulana ya kituo akatuzuia.

"Mama, hapana gusa. Hiyo ni kitu ya zamani. Sisi tulipaka vanishi, sasa iko muzuri sana."

Mama akainua kamba, akapita. Akaipapasa ngozi, kisha akaipiga kwa kiganja. Ikalia kama dumu tupu.

"Mwana yangu, hii ngozi muliiua," akasema polepole. "Vanishi iliingia mpaka ndani. Hata moto haitaiweza tena."

Kijana akatabasamu, akampiga picha.

Nilikasirika, na bado nina hasira ninapoandika haya. Fundi wamempata, rangi wameipata, kamba wameipata. Mwenye ngoma yu hai, anakaa chini ya kilima hicho hicho, na hakuna hata mmoja aliyeteremka kumuuliza ngoma inatunzwaje. Utamaduni gani huo unaoogopa kubisha hodi?

Kisha spika zikafunguliwa, ngoma ya kurekodiwa ikanguruma, watoto wakacheza mikono juu. Enzi zetu jumba lile lilivuja kila mvua iliponyesha, na ngoma ilisikika hadi bondeni. Leo paa ni jipya, na mama alikaa chini yake akisikiliza spika, viganja vyake vimelala mapajani.